Anayeshindwa Kukanusha "Kila" Hawezi Kumwajibisha Mtu

Muhula huu nimesahihisha tena jaribio la hisabati diskriti, yaani ile hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta hulazimika kuipitia. Swali la tatu lilikuwa fupi kuliko yote. Niliwapa sentensi moja, kwamba kila mwanafunzi amesoma angalau kitabu kimoja, nikawataka waikanushe. Wengi walijibu kwamba hakuna mwanafunzi aliyesoma kitabu chochote. Wengine walijibu kwamba kila mwanafunzi hakusoma kitabu. Majibu yote mawili ni makosa. Ili sentensi ile iwe ya uongo, si lazima darasa zima liwe halijasoma. Anatosha mmoja. Kukanusha "kila mwanafunzi amesoma" ni kusema yupo mwanafunzi, hata kama ni mmoja tu aliyejikunyata kiti cha nyuma, ambaye hakusoma hata kitabu kimoja.

Nilipolalamika katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, alinishauri niiondoe mada hiyo. "Hawa wanakwenda kuandika programu," alisema, "hawaendi kuandika falsafa. Hayo ya kila na baadhi yana faida gani kwao?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile, tena vibaya. Leo namjibu kwa urefu, na ninamjibu hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la chumba cha walimu. Nadai kwamba kosa lililojaa katika karatasi zile ndilo ufa ambamo uongo mwingi wa hadharani hupenyea. Jamii ambayo wasomi wake hawajui kukanusha "kila" haina namna ya kumwajibisha mtu yeyote.

Nianze na somo lenyewe, maana yamkini msomaji wangu hakuwahi kukaa katika darasa langu. Mantiki ya viarifu huichambua sentensi kwa kuuliza mambo mawili: nini kinasemwa, na kinasemwa juu ya wangapi. Maneno yanayojibu swali la pili, yaani kila, wote, yeyote, baadhi, yupo, hakuna, ndiyo tunayoyaita viashiria vya kiasi. Aristotle aliyachunguza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, lakini mfumo wake ulikwama pale sentensi moja ilipobeba viashiria viwili au vitatu vinavyotegemeana. Aliyefungua njia ni Mjerumani Gottlob Frege, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1879. Alama tunazotumia leo zilikuja baadaye: E iliyogeuzwa ya "yupo" ilitumiwa na Giuseppe Peano mwaka 1897, na A iliyopinduliwa kichwa chini ya "kila" ililetwa na Gerhard Gentzen mwaka 1935. Wanafunzi wangu wanajua kuzichora alama hizo vizuri sana. Taabu ni kwamba wengi huishia kwenye kuzichora.

Sasa nihame darasani kwa muda. Miaka michache iliyopita nilikuwa likizoni kijijini kwa mama yangu. Kulikuwa na mkutano wa hadhara katika makao makuu ya kata, nami nikamsindikiza. Ofisa mmoja kutoka wilayani, ambaye sitamtaja wala kuitaja wilaya yake, alisoma taarifa ya utekelezaji wa huduma za afya. Itakumbukwa kwamba mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ofisa alisema hivi: "Vijiji vyote vya kata hii vina zahanati."

Mzee mmoja alisimama, akavua kofia. "Mheshimiwa," alisema, "mimi natoka ng'ambo ya mto. Kwetu hakuna zahanati. Kuna msingi ulioota nyasi."

"Mzee wangu, usiwakatishe watu tamaa," alijibu ofisa. "Kijiji kimoja hakiwezi kufuta mafanikio ya kata nzima." Watu wakapiga makofi. Lakini minong'ono haikwisha, naye akaongeza: "Na kwa taarifa yako, kila kijiji kina zahanati inayokihudumia, chenu kikiwamo. Ninyi mnahudumiwa na hii ya hapa." Kisha akafunga: "Tena malalamiko yote yaliyofikishwa ofisini kwetu kwa maandishi yameshughulikiwa."

Mzee akavaa kofia yake, akaketi. Mama yangu aliniinamia akaninong'oneza: "Mwanangu, huyu amejibu?"

Nami, mwenye shahada ya uzamivu, ninayelipwa mshahara kwa kufundisha mambo hayo hayo, nilinyamaza.

Nimekaa na sentensi zile tatu muda mrefu, na sasa naziweka mezani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya uongo mtupu, na mzee alikuwa ameshaimaliza. Kinachokanusha "vijiji vyote vina zahanati" ni kijiji kimoja kisicho nayo. Hakihitajiki cha pili. Ofisa alikuwa na haki ya kusema kwamba kijiji kimoja hakifuti mafanikio. Ni kweli, hakiyafuti. Kinachofutwa ni neno "vyote". Angesema "vijiji vingi", au bora zaidi angetaja hesabu, kwamba vijiji 5 kati ya 6 vina zahanati na kimoja bado, angekuwa amesema kweli na tungempigia makofi ya haki. Alichofanya ni kuchukua heshima ya "vyote" kwa bei ya "vingi", kisha alipodaiwa salio akamfanya mdai aonekane mchochezi. Na makofi yale yalitoka kwa watu ambao, kama wanafunzi wangu, waliamini kwamba ili kukanusha "vyote" ni lazima uonyeshe "hakuna hata kimoja".

Sentensi ya pili ni ya hila zaidi, kwa sababu ilikuwa ya kweli. "Kila kijiji kina zahanati inayokihudumia" inabeba viashiria viwili: kila kijiji, na kuna zahanati. Inatimizwa pale ambapo kila kijiji kina zahanati yake, na inatimizwa vilevile pale ambapo kuna zahanati moja tu inayotajwa kuvihudumia vijiji vyote sita. Palipo na zahanati moja kwa vijiji vyote, ni kweli kwamba kila kijiji kina zahanati ya kukihudumia. Lakini kutoka "kila kijiji kina zahanati" huwezi kurudi ukadai ni ipi, iko wapi, wala ngapi. Mpangilio wa maneno ndio unaobeba majengo. Tofauti kati ya "kila kijiji, zahanati yake" na "zahanati moja, kila kijiji" ilikuwa, kwa watu wa ng'ambo ya mto, mwendo mrefu wa bodaboda kwa mjamzito, na wakati wa masika, mto usiovukika. Hilo ndilo jambo ambalo mwenzangu wa chumba cha walimu alisema halina faida.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. "Malalamiko yote yaliyofikishwa kwa maandishi yameshughulikiwa." Tujaribu kuikanusha kwa kanuni ile ile. Tunahitaji lalamiko moja lililofikishwa kwa maandishi na ambalo halikushughulikiwa. Sasa, itakuwaje ikiwa hakuna lalamiko hata moja lililofika kwa maandishi, kwa sababu ofisi iko mbali, sanduku la maoni lina kufuli lenye kutu, na wazee wengi wamezoea kusema kwa mdomo? Mfano wa kuikanusha hautapatikana, hivyo sentensi itasimama kuwa ya kweli. Kila kinachosemwa juu ya "vyote" vya mkusanyiko mtupu ni kweli. Hata kompyuta inakubali: mpe Python orodha isiyo na kitu, muulize kama vyote vilivyomo vinatimiza sharti fulani, atakujibu ndiyo. Wanafunzi hucheka ninapowaonyesha hilo, wakidhani ni kituko cha mashine. Si kituko. Ni onyo kwamba mbele ya kila "yote yameshughulikiwa" swali la kwanza liwe: yalikuwa mangapi? Na la pili: nani aliruhusiwa kuingia katika hesabu hiyo? Waombaji wote "wenye sifa" wamepewa. Wadai wote "waliohakikiwa" wamelipwa. Mara nyingi ubishi wote umefichwa katika lile neno dogo linalofuata "wote".

Kuna kosa jingine la darasani ambalo msomaji atalitambua mtaani. Nikiwaambia waandike kwa alama kwamba baadhi ya wanafunzi ni wazembe, wengi huandika: yupo mtu au kitu ambacho, ikiwa ni mwanafunzi, basi ni mzembe. Inaonekana sawa. Lakini mbuzi anayekula majani nje ya dirisha langu anaitimiza sentensi hiyo, kwa kuwa si mwanafunzi, na sharti lisipotimia ahadi haivunjiki. Darasa linaweza kuwa na wanafunzi wenye bidii tupu na sentensi bado ikawa kweli kwa hisani ya mbuzi. Sasa sikiliza ahadi hii: "Wapo watumishi ambao, ikithibitika wamekula rushwa, watafukuzwa." Anaitimiza mtumishi yeyote ambaye haitathibitika kamwe. Haimfungi mtu. Linganisha na hii: "Mtumishi yeyote atakayethibitika kula rushwa atafukuzwa." Hii inawafunga wote, na mmoja akithibitika asifukuzwe, aliyeahidi amekwisha kusema uongo. Sheria zetu za jinai huandikwa kwa umbo hili la pili, "mtu yeyote ambaye", kwa sababu watunga sheria wanajua kwamba umbo la kwanza ni la kufugia mbuzi.

Nisije nikadhaniwa kwamba nimeandika makala ya kuwasuta watawala peke yao. Upanga huu una makali pande mbili, na sisi wakosoaji tunajikata nao kila siku. Tunasema wanasiasa wote ni wezi. Mwadilifu mmoja anatutia aibu. Tunasema vijana wa siku hizi wote ni wavivu, nao wamebeba mizigo sokoni tangu alfajiri. Tuna hata methali ya kutuhalalishia: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa mvuvi huenda ni tahadhari njema juu ya tenga la samaki. Kwa hoja juu ya watu ni ruko la hatari kutoka "yupo" hadi "wote", na ndilo ruko ambalo makabila, dini na mataifa yamehukumiwa kwalo. Anayejua kwamba kijiji kimoja kinatosha kuangusha "vyote" hana budi kujua pia kwamba mwizi mmoja hatoshi kujenga "wote". Ni kanuni moja.

Kwa nini basi wanafunzi werevu, waliofaulu hisabati kidato cha sita, wanashindwa jambo ambalo mzee wa ng'ambo ya mto alilifanya akiwa amesimama na kofia mkononi? Nina jibu, na najua litawaudhi wengi. Tunawafundisha mantiki kana kwamba lugha yao haina mantiki. Mtoto wetu wa shule za umma hufikiri kwa Kiswahili shule ya msingi nzima, kisha sekondari huhamishiwa katika Kiingereza ambacho hajakimudu, na chuoni tunampa alama za Frege kupitia lugha hiyo hiyo. Analijua neno la kitabuni, ila halimgusi popote. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari na hatimaye vyuo vikuu vihamie Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na ni jambo jema. Lakini hakimu atakayeandika hukumu kwa "yeyote", "isipokuwa" na "si wote" bado tunamfunza kupima maneno hayo kwa lugha nyingine, au hatumfunzi kabisa.

Wapo wanaoniambia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba somo hili. Nawaomba wazikumbuke methali za bibi zao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: hiyo ni "kila" iliyobebwa na kitenzi kizima, kwamba mtu yeyote, ikiwa hasikii, basi huvunjika. Na mwalimu akitaka kuonya dhidi ya kosa la kawaida, aulize: je, methali hiyo inatuahidi kwamba anayesikia havunjiki? Haiahidi. Hakuna masika yasiyo na mbu: hapo bibi amekanusha mara mbili akapata "kila masika yana mbu", kanuni ambayo wanafunzi wangu huikariri kwa jasho. Tena lugha yetu ina ukali ambao wengine wanautamani. Sisi husema "si wanafunzi wote waliofaulu" tukimaanisha wapo waliofeli, na "wanafunzi wote hawakufaulu" tukimaanisha hakuna aliyefaulu. Mahali pa kikanushi panatosha kutenganisha maana. Anayesema "vyote ving'aavyo si dhahabu" ameukopa mpangilio wa Kiingereza, na kwa Kiswahili ameikana dhahabu yenyewe ising'ae. Fasaha ni "si vyote ving'aavyo ni dhahabu."

Baada ya kurudisha karatasi zile, mwanafunzi mmoja aliyekosa swali la tatu alinifuata kwenye ukumbi. Sikumwonyesha alama. Nilimuuliza kwa Kiswahili: "Nikisema kila nyumba mtaani kwenu ina umeme, utanikatalia vipi?"

"Nitakwambia ya bibi yangu haina, Dokta."

"Hiyo moja tu?"

"Moja inatosha."

Akatulia, akaitazama karatasi yake, akacheka kwa uchungu. Najua kwamba mwanafunzi mmoja hathibitishi lolote juu ya wote. Nisianguke katika shimo ninalolionya. Lakini walionidai walisema haiwezekani, na dhidi ya "haiwezekani" mmoja anatosha.

Ipo hoja ya mwisho ya mwenzangu, kwamba waajiri wanataka Kiingereza na programu, si methali. Sikipingi Kiingereza, naandika tafiti zangu kwacho. Nasema wazo lizaliwe kwanza, ndipo livalishwe nguo za ugenini. Na kuhusu programu, hifadhidata zinazotumiwa na mabenki na hospitali zimejengwa juu ya muundo alioutoa E. F. Codd mwaka 1970, na msingi wake ni mantiki hii hii ya viarifu. Mwandishi wa SQL akitaka kujua ni mgonjwa gani amepata kila chanjo iliyopangwa, kwa kawaida huuliza kinyumenyume: mgonjwa ambaye hakuna chanjo iliyopangwa ambayo hakuipata. Ni masika na mbu wake. Asiyeijua kanuni ataandika swali lisilo sahihi, mashine italijibu bila haya, na mgonjwa aliyekosa chanjo ataorodheshwa miongoni mwa waliokamilisha. Mwenzangu alisema hawa wanakwenda kuandika programu. Ndiyo maana nisiiondoe mada.

Kwa hiyo muhula ujao nitafanya mambo mawili. Saa za kwanza za mada hii zitafundishwa kwa sentensi za Kiswahili tupu, za gazetini, za mikutanoni na za methali, kabla alama yoyote haijachorwa ubaoni. Na katika jaribio, swali la kwanza litakuwa lile la vijiji sita na zahanati. Nawaalika walimu wenzangu wafanye hivyo, na wa sekondari wasingoje chuo. Kwako msomaji usiye na darasa, maswali ni manne, nayo hayahitaji shahada: amesema wote au baadhi? Wote wa wapi, na ni wangapi? Kila mmoja chake, au kimoja kwa wote? Na ni mfano gani, ukipatikana, utakaomlazimu akiri kwamba amekosea? Anayekataa kulijibu swali la nne hajasema kitu, hata akiwa ameshika kipaza sauti.

Mama yangu aliniuliza kama yule ofisa alikuwa amejibu. Jibu lilikuwa hapana: mara ya kwanza alisema uongo, mara ya pili alisema kweli isiyohusika, mara ya tatu alisema kweli isiyo na kitu ndani. Nilipaswa kusimama karibu na yule mzee nikaseme hivyo siku ile ile. Wanafunzi wangu watakapokaa katika mikutano ya namna hiyo, baadhi yao wakiwa upande wa meza ya wakubwa, natumaini atakuwapo angalau mmoja atakayesimama.